Kidole Kilichojifunza Kuachilia

Mwanangu, nimesikia Jumamosi unaenda na wenzako wa kazini kucheza paintball, mkarushiane vidonge vya rangi kwa zile bunduki za hewa. Kabla hujatoka, keti kidogo. Iko siku ya ujana wangu ambayo haijawahi kunitoka kichwani, na ilinikuta katika mchezo huo huo.

Miaka hiyo ya elfu mbili nilikuwa msusi Kenyatta Market, Nairobi. Saluni yetu ilipakana na kibanda cha nyama choma cha kijana aitwaye Muthama, mcheshi sana, na mbishi kuliko alivyokuwa mcheshi. Jiko lake aliliweka karibu na mlango wetu kwa sababu pale ndipo upepo ulipopuliza makaa vizuri. Upepo huo ukatuletea moshi wote ndani. Mteja anakaa kutwa nzima akisukwa, anaondoka amependeza, lakini ananukia mbavu za mbuzi. Wengine wakaanza kuhamia saluni za Hurlingham, na wewe unajua mteja akishazoea mkono mwingine harudi. Tulimwomba Muthama, tukamnunia, tukamshtaki kwa wazee wa soko. Jiko halikusogea.

Basi mteja wetu mmoja alikuwa na kaka aliyefungua uwanja wa paintball huko mbele ya Karen, na kaka huyo alitaka watu wa kuujaribu kabla ya kuanza biashara. Mama yule akatuambia akicheka, huku kichwa chake kiko mikononi mwangu, "Si muende mkapigane huko mmalize hii maneno?"

Tulidhani ni mzaha. Muthama alisikia kutoka nje, akachungulia mlangoni na kisu mkononi. "Mimi niko sawa. Mkishinda, nahamisha jiko. Nikishinda, sitaki kusikia tena moshi, moshi."

Tukakubaliana michezo mitatu, wasusi upande mmoja, wachoma nyama upande mwingine, na siku ya mapumziko tukaenda.

Sasa mwanangu, mimi wakati huo nilikuwa na vidole vyepesi kuliko msusi yeyote wa safu yetu, na nilijua. Kijana aliyesimamia uwanja alipokuwa akitueleza jinsi ya kufyatua, mimi nilikuwa nashughulika kupigwa picha na maski usoni. Nikajiambia, kama ni kazi ya kidole, nani wa kunifundisha?

Mchezo wa kwanza ulipoanza nikajificha nyuma ya magurudumu ya lori, nikamlenga Muthama, nikavuta, vuta, vuta, kwa kasi ile ile ya kusuka. Kidonge cha kwanza kikatoka vizuri. Vilivyofuata vikapasukia ndani. Bunduki ikakohoa, na mtutu ukaanza kutema uji wa manjano kama mtoto aliyelishwa kwa haraka. Hata kile kilichobahatika kutoka kizima kilipinda kikaenda kupiga mti. Muthama alisimama taratibu, akanipaka rangi pajani. Wenzangu nao walianguka mmoja mmoja, tukashindwa.

Nilirudi kwenye kibanda cha vifaa cha uwanja nikiilaani bunduki. Nikaomba nyingine. Hapo ndipo Mama Ndinda aliponishika mkono akanivuta kando.

Mama Ndinda ndiye aliyekuwa mkubwa wetu pale saluni. Yeye ndiye aliyenifundisha kusuka nilipofika sokoni sijui hata kushika kitana. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na alipokukemea alishusha sauti, hakuipandisha.

"Wangari, mteja akilia kichwa inauma, wewe husema ni nywele yake ngumu," akaniambia. "Leo ni bunduki. Kwani mkono yako haikosangi?"

Nikaishusha ile bunduki.

"Nionyeshe vile unavuta."

Nikamwonyesha. Akakitazama kidole changu kwa muda, kisha akatikisa kichwa. "Unavuta nusu, unaachilia nusu. Yule kijana alisema kidonge kinashuka ndani ya bunduki ukiachilia kabisa. Wewe hukipi nafasi ya kushuka, unakifungia mlango kikiwa katikati, kinakatika. Nilikuwa nasikiza wakati nyinyi mlikuwa mnapiga picha."

Akanipangia kidole upya, kama alivyonipangia vidole siku zile za mwanzo. Nilikuwa nimekikunja hadi kwenye kiungo, ndiyo sababu kila nilipovuta nilikuwa nausukuma mtutu kando. Akakirudisha mpaka ile nyama laini ya ncha ndiyo iguse kifyatulio. Akanifanya nivute hadi mwisho bila kushtua mkono, kisha niachilie hadi mwisho. Tukarudia hivyo, bila vidonge, mpaka bega langu likashuka lenyewe.

"Na ukimaliza kupiga," akasema, "hiyo kidole itoke hapo. Ikae huku nje, kando. Isilale kwa kifyatulio ikingojea kushtuka."

Kijana wa uwanja akanisaidia kusafisha mtutu kwa kijiti chenye kitambaa, tukarudi ndani. Mchezo wa pili nilicheza polepole hadi nikajishangaa. Navuta yote, naachilia yote. Vidonge vikaenda nilikovituma. Wachoma nyama wawili niliwapaka vifuani, na Mama Ndinda, akiwa amechuchumaa na kitenge chake juu ya suruali, akammaliza Muthama. Tukawa sare, mchezo mmoja kwa mmoja.

Mchezo wa tatu ndio ulikuwa wa jiko. Watu walipungua pande zote mpaka tukabaki mimi na Muthama. Nilimsikia upande wa pili wa ukuta wa mbao, bunduki yake inakohoa kama yangu ya asubuhi. Haraka ilikuwa imempata yeye sasa. Nikazunguka kimya kimya. Nilipofika kona ile, nikatoa kidole kwenye kifyatulio nikakiweka kando, si kwa kufikiri, ni kwa sababu nilikuwa nimefundishwa muda mfupi uliopita na bado nilimwogopa aliyenifundisha.

Nikaruka kona. Muthama alikuwa mbele yangu, karibu kiasi cha kumgusa, na maski ameivua. Ilikuwa imejaa ukungu wa pumzi na alikuwa anaifuta kwa shati. Tulishtuka wote wawili. Mwili wangu mzima ulikakamaa, na mkono nao ukajikaza, mwanangu. Nilikisikia kidole changu kikibana, kikabana chuma kitupu cha pembeni. Mtutu ulikuwa unamtazama jichoni.

Nikauinamisha chini. "Vaa maski, Muthama."

Aliivaa. Kisha akakaa chini kwenye nyasi. "Nimekubali," akasema. "Wangari, ningekuwa mimi ningepiga."

Niliiweka bunduki chini. Nikakaa kando yake mpaka kijana wa uwanja akaja kutuita.

Siku iliyofuata tulipofungua saluni, jiko lilikuwa limeshahamishwa upande wa pili wa kibanda. Saa ya chakula Muthama alileta sahani ya mbavu na kachumbari, akaiweka mbele ya Mama Ndinda kwanza. Wateja wetu waliohamia Hurlingham walirudi baadhi, si wote. Muthama leo ana bucha yake, na ana watoto wa rika lako, na anawaona kwa macho yote mawili.

Kwa hiyo, mwanangu, nenda ukacheze, ucheke, upakwe rangi hadi masikioni. Lakini anayekueleza akianza kusema, weka simu mfukoni usikize. Kifyatulio kivute kwa ncha ya kidole, kivute chote, kiachilie chote, usiibebeshe bunduki lawama za mkono wako. Maski usiivue uwanjani hata isipoonyesha kitu. Inua mkono, toka nje kwanza. Na kidole chako, mpaka uwe umemwona unayempiga na umeamua kumpiga, kikae kando.

Ukielekezwa na mtu aliyekutangulia, usione haya. Mungu akulinde wewe na wote utakaocheza nao, ailainishe mikono yako katika kila kazi utakayoishika, na akurudishe nyumbani jioni ukiwa mchafu, mzima, na mwenye hadithi ya kunisimulia.