Kilichoangukia Karanga za Bibi

Nilipokuwa mtoto huko Kibakwe, bibi yangu mzaa mama alitukataza kugusa kitu chochote kilichoanguka kutoka juu. Alisema kila cha mbinguni kina pumzi yake, na anayekifungua huingiwa na pumzi hiyo, yake ikachukuliwa. Sisi wajukuu tulidhani anazungumzia radi tu.

Asubuhi moja tulipokuwa tukichimba karanga kilisikika kishindo, mbuzi wakatawanyika. Vumbi lilipotulia tuliona tufe jeusi la chuma, kubwa kama mtungi, limezama nusu katikati ya matuta. Bibi alituondoa wote, akakata miiba na kulizungushia.

Mchana Mjomba Yona, mwanawe wa mwisho, akarudi kutoka mnadani. Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa, kila kijana anatafuta cha kuuza, na wanunuzi wa chuma chakavu walikwishaanza kufika hadi kwetu milimani. Naye Mjomba alikuwa na mchumba, na mahari bado. Aligonga lile tufe kwa jiwe, akasikiliza linavyolia, kisha akaenda kuazima msumeno.

Bibi hakupandisha sauti. Alimshika mkono akasema, "Yona, nimekuzaa mimi. Kiache."

"Mama, hiki ni chuma tu."

Sisi watoto tulikuwa tumepelekwa kilimani. Kutoka huko tulisikia msumeno ukikwaruza, halafu mlio kama wa nyoka aliyekasirika, ikafuata harufu ya samaki walioharibika. Mjomba alitoka kwenye miiba akitambaa, macho ameyafumba, anakohoa. Bibi ndiye aliyekwenda kumvuta.

Mjomba alilazwa Mpwapwa hadi mvua zikaanza. Alipona, akaoa, lakini sauti haikurudi. Yeye aliyekuwa akiongoza kwaya ya kanisani akabaki mtu wa kunong'ona. Bibi hakumwambia hata siku moja kwamba alimkanya.

Watu wa serikali walikuja na barakoa na glavu wakalichukua lile tufe. Walisema ni tangi la roketi, na ndani mlibaki mafuta yenye sumu. Bibi aliuliza ni nani aliyelirusha. Hawakujua.

Siku hizi nikisikia redioni kwamba roketi imepaa salama, na mabaki yake yataanguka baharini au mahali pasipo na watu, huwa naizima redio. Nawaza kwamba kuna mtu, mahali fulani, aliyekuwa na ramani mbele yake, na katika ramani hiyo sisi hatukuwapo.