Kikohozi Ndani ya Kaseti

Wakati wa vita, shangazi yangu alikuwa kambini ng'ambo ya ziwa, upande wa Tanzania, na sisi tulikuwa Rumonge. Mama hakujua kusoma, basi tulitumiana kaseti. Kila kaseti, ya kwenda na ya kuja, ilipitia kwanza ofisi moja pale bandarini, ambako mtu tusiyemjua aliisikiliza na kufuta yaliyokatazwa: majina ya mahali, habari za wapiganaji, habari za waliouawa.

Kazi yenyewe hakuiweza. Alirekodi juu ya maneno huku maikrofoni iko wazi. Shangazi angekuwa anaongea, mara tunasikia kiti kinalia, mvua juu ya mabati, kikohozi kikavu, kisha shangazi anarudi katikati ya maneno mengine. Mtu asiye na uso alikuwa anaingia nyumbani kwetu mchana kweupe. Nilimchukia. Sokoni, tukiuza mawese, kila aliyekohoa niligeuka kumtazama.

Kaka yangu alipotelea njia ya Kizuka siku watu walipotawanyika. Mama aliendelea kumpikia kila jioni, na kwenye kaseti alimwambia shangazi hivyo. Siku moja shangazi akasema, "Wifi, mutoto wako mukubwa, tulipata habari yake..." Kiti kikalia. Kikohozi. Aliporudi, shangazi alikuwa anazungumzia uhaba wa kuni.

Mama alirudisha kaseti nyuma mpaka betri za redio zikaisha, akazianika juani, akaanza tena. Alitega sikio kwenye kile kikohozi, kana kwamba mwanawe amefichwa chini yake. Niliogopa hata kumtazama.

Alipojibu, alimsalimu shangazi haraka, kisha akaisogelea maikrofoni.

"Wewe mwenye kukohoa, najua unanisikia. Habari ya mutoto wangu uliisikia, mimi hapana. Iko muzima?"

Nilimwambia atatuletea askari. Akanijibu kwamba kuuliza si ujinga, na kaseti ikaenda.

Iliyofuata ilichelewa sana. Tuliisikiliza jua likiwa la utosi. Shangazi alisalimu, kisha kiti kikalia. Safari hii hatukusikia mvua wala kikohozi. Ilikuwa pumzi tu, karibu mno, halafu sauti ya kijana, mdogo kuliko nilivyomdhania:

"Mama, usimupikie tena."

Shangazi akaendelea na salamu za majirani. Mama alizima redio.

"Murakoze," akaiambia, kwa heshima, kama anavyomshukuru mgeni anayeaga.

Jioni ile aliosha sahani ya kaka, ingawa haikuwa chafu, akaiweka mbali na zetu.