Herufi za Mkono wa Kushoto

Mama mkubwa wangu alitunga ule wimbo akiwa kitandani, katika majuma ya mwanzo baada ya kupata kiharusi. Ulimi ulikuwa mzito na upande wake wa kulia ulikuwa umelala, lakini nyimbo ziliendelea kumjia kama kawaida. Aliniimbia kipande, nikakirekodi kwenye simu, kisha akaniamuru nikifute kwa sababu sauti ya pili haijakaa sawa. Mpunga ulipovunwa alikuwa ameanza kwenda kanisani kwa fimbo, na kwaya yetu ya hapa Masumbwe ilikuwa imeushika wimbo wote. Aliuita Asante kwa Mvua.

Kutengeneza video ilikuwa kazi yangu. Nina chumba karibu na stendi, nahariri harusi, misiba na kwaya. Tuliwapiga waimbaji picha kwenye majaruba, tukarudia mara nyingi kwa sababu karasha la kusaga mawe ya dhahabu lilikuwa likinguruma ng'ambo ya barabara na baadhi ya akina mama walishindwa kujizuia kugeuka kulitazama. Picha zilipokamilika, likabaki jina la wimbo, lile linalotokea mwanzoni.

Kabla ya kuugua, mwandiko wa mama mkubwa ulijulikana mpaka Tinde alikozaliwa. Matangazo ya kanisa aliandika yeye. Mabango ya kwaya aliandika yeye. Watu walimletea kadi za harusi ili awaandikie majina ya wageni. Nikaamua kwamba jina la wimbo lijiandike kwenye skrini polepole, kwa mwandiko wake, kana kwamba kalamu yake inapita pale pale.

Mwenyekiti wa kwaya hakuona maana ya jambo hilo.

"Si kuna zile herufi za dhahabu?" akaniuliza. "Zinang'aa vizuri."

"Huku kwetu kila mteja anataka herufi za dhahabu," nikamjibu. "Huu wimbo una mwenyewe."

Aliyekataa zaidi alikuwa mama mkubwa mwenyewe. Nilimkuta amekaa barazani, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye karatasi na kalamu nene nilizoshika.

"Huo mkono umekufa, ng'wanone," akasema. Kwa Kisukuma ndivyo anavyoniita, mwanangu.

"Wa kushoto upo."

"Wa kushoto unaandika kama mtoto wa chekechea. Unataka kwaya nzima inicheke?"

"Nataka jina la wimbo liandikwe na aliyeutunga."

Akaisukuma karatasi pembeni. Nikaiacha pale na kalamu yake, nikaaga. Nilipopita tena hakuitaja, nami sikuitaja. Halafu alasiri moja nikakuta kalenda ya mwaka uliopita imegeuzwa mezani, nyuma yake imejaa herufi A, nyingine zimeanguka ubavu, nyingine zimekatwa kwa hasira.

"A inanishinda," akasema bila kunitazama. "Zile nyingine nimeziweza."

Alipoandika jina zima, nililipiga picha karatasi ikiwa mlangoni, penye mwanga usio na kivuli, nikaondoa weupe wote kwenye kompyuta ukabaki wino mtupu. Kisha nikafanya ile njia rahisi: nikayaficha maneno na kuyafichua taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Nikampelekea aone.

"Hiyo haiandikwi," akasema. "Inafunuliwa. Ni kama mtu anavuta pazia."

Alisema kweli, na iliniuma. Nikamwomba aandike tena, safari hii kamera ikiutazama mkono wake kutoka juu. Ndipo nikaona nisichokuwa nakijua. Ule mstari unaokatiza A aliuvuta kutoka kulia kwenda kushoto. Mkato wa t vilevile. Baada ya neno kwa, aliinua kalamu, akapumzisha mkono mapajani, akapumua, ndipo akaianza Mvua.

Nikarudi chumbani kuanza upya. Juu ya kila mstari wa wino nilichora njia nene inayoufuata, kisha nikaiamuru kompyuta iionyeshe njia hiyo ikirefuka kama alivyorefusha yeye, na wino uonekane pale tu njia ilipofika. Palipokutana mistari miwili paliniharibia kazi: njia ya kwanza iligusa mstari ambao ulikuwa bado haujaandikwa, kipande kikachomoza kabla ya wakati wake. Ikabidi niikate A vipande, kila kipande kikae peke yake. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika. Kompyuta iliganda nikaiwasha tena. Nilikuwa nimeshaamua, na sikutaka hata mtu anipe pole.

Mwenyekiti akapita kuangalia. Akasimama nyuma yangu, akatazama, akahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule.

"Inachelewa. Watu watachoka. Ongeza kasi."

Sikubishana. Niliongeza kasi, nikamwonyesha. Herufi zikaja mbio, zikajipanga, zikaisha.

"Huyu anakimbia," akasema.

"Mama yetu siku hizi hakimbii."

Akajikuna shingo. "Basi mwache atembee. Nitamwambia wa kinanda aurefushe mwanzo."

Siku ya uzinduzi, baada ya ibada, vijana walifunga vitenge kwenye madirisha ya kanisa ili picha ya projekta ionekane ukutani. Mama mkubwa alikaa pembeni yangu, fimbo katikati ya magoti. Kinanda kikaanza. Kwenye anga la juu ya majaruba ikatokea A, mguu mmoja, mguu wa pili, kisha ule mstari uliokuja kinyume. Asante. Kwa. Halafu kalamu ikasimama, kama ilivyosimama siku ile, na ukuta wote ukawa unangoja.

"Jikaze, mama!" akaita mama mmoja kutoka safu za nyuma, kana kwamba anamwona akiandika wakati uleule.

M ikaanza. Neno lilipokamilika vigelegele vilizifunika sauti za kwanza za wimbo, hata ikabidi nirudishe video mwanzo. Hakuna aliyelalamika kwamba inachelewa. Mwenyekiti ndiye aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Mama mkubwa hakuweza kupiga makofi, akawa anapiga paja lake kwa kiganja cha kushoto. Alitazama mpaka mwisho bila kupepesa. Wimbo ulipoisha akaniinamia.

"Ile v imeinama."

"Nikainyooshe kwenye kompyuta?"

"Iache," akasema, akaishika fimbo yake tayari kusimama. "Nitainyoosha mwenyewe, kwa mkono huu."