Mtu wa Kumwogesha Okal

Kiwanda cha nguo kilipopunguza wafanyakazi, Kashindye alikuwa karani wa stoo, na jina lake lilisomwa pamoja na majina ya wengine. Mwaka uliofuata shirika dogo la mtaa wa Mabatini, mjini, likamchukua kutafuta watu wa kujitolea na kuwapeleka kwenye vikundi vilivyowahitaji. Watu hawakukosekana. Wengi walikuwa wenzake wa kiwandani, waliochoka kuamka asubuhi bila pa kwenda. Kashindye alimsikiliza kila mmoja, akampeleka mahali, kisha akawa anakwenda kumwona anaendeleaje. Huko kwenda kuwaona ndiko kulikommaliza.

Kikundi cha wanawake wa Busisi, ng'ambo ya kivuko, kiliomba mwanamume. Mwenyekiti wao, Perez, mwanamke wa Mara aliyeolewa huko, alieleza bila kuzunguka. Walikuwa wakiwahudumia wagonjwa wa ukimwi majumbani, na wanaume walikataa kuogeshwa na wanawake. Kashindye aliwauliza wanaume wengi. Aliyekubali ni Luhaga peke yake, fundi wa mashine aliyepunguzwa naye, ambaye mkewe alikwisha kufariki.

Luhaga aliiweza kazi. Aliwaogesha, akawanyoa, akawageuza vitandani, na mwisho akawachimbia makaburi. Hakuomba mapumziko. Kashindye, mwenye watu wengi wa kuwafuatilia, alishukuru kupata mmoja asiyelalamika, na miezi ikapita bila yeye kuvuka kwenda kumwona.

Kisha Perez akamtuma kondakta wa basi: njoo umwone mtu wako, siku hizi haongei.

Alimkuta ziwani, anafua shuka ambayo ilikuwa imetakata zamani.

"Luhaga, hiyo ni safi."

"Najua, dada." Akaendelea kufua.

"Unalala?"

"Nalala. Nawaota. Wananiomba maji."

"Twende nyumbani ukapumzike."

"Nyumbani kuna nini? Hapa angalau kuna anayeningoja."

Kashindye alivua viatu, akaingia majini, akashika ncha ya pili ya shuka. Waliikamua pamoja, kisha Luhaga akamfuata.

Perez, waliyemkuta nyumbani kwa mgonjwa, alikasirika. "Unatuletea mtu, halafu unamchukua? Na Okal ataogeshwa na nani?"

Okal mwenyewe, mvuvi, alikuwa amelala chumba cha pili, anasikia kila neno. Mjini Kashindye alihangaika kutafuta mwanamume mwingine. Mmoja alikubali, akafika kivukoni, akarudi. Ikabidi aende mwenyewe.

"Shikamoo, mama," Okal alisema, uso umeelekea ukutani.

"Marahaba. Mwanamume nimemkosa, mwanangu. Nimekuja mimi. Ukikataa, nitakupa uji niondoke."

Okal aligeuza uso kumtazama. "Una mtoto wa kiume?"

"Ninaye. Anaitwa Kija."

"Basi niogeshe kama Kija."

Alivuka kila alipopata nafasi, na siku nyingine alirudi mjini amesinzia dirishani mwa basi, mikono inanuka sabuni. Okal alifariki kabla ya mvua za masika. Kwenye mazishi Perez alimshika Kashindye mkono, akaushikilia, lakini hakumwomba tena mtu.

Luhaga alikuwa kwa dada yake, mtaa wa Butimba. Wiki za mwanzo alilala tu. Baadaye Kashindye alimtafutia shule ya watoto wadogo iliyoanzishwa na wazazi wa mtaa huo, ambako viti vilikuwa vimevunjika na hakuna wa kuvitengeneza. Safari hii hakungoja kuitwa, alimtembelea kila wiki.

Siku moja Luhaga aliuliza, msumari bado uko mdomoni, "Okal je?"

"Tumemzika."

Alitoa msumari, akaweka nyundo chini, akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamempanda hadi kifuani. Kashindye akakaa cha jirani. Ndani watoto walikuwa wakiimba kwa kupiga kelele, kila mmoja na sauti yake. Jioni hiyo kikundi kingine kilikuwa kinamsubiri Mabatini. Kashindye hakwenda.