Siku Mwenyekiti Aliponusa Kompyuta

Mimi nina hasira za karibu, na sijawahi kulificha hilo. Mkuu wa shule aliponiambia kwamba somo la kompyuta litaondolewa muhula ukiisha, tusipopata mashine zinazofanya kazi, nilimjibu vibaya mbele ya karani wake. Wasichana wangu kumi na wanne wa kidato cha tatu walikuwa wamelichagua somo lile wenyewe. Likiondolewa, wangehamishiwa somo jingine, wakiwa wamechelewa mwaka mzima, na mtihani hausubiri mtu. Kompyuta zetu zote zilikuwa zimekufa. Nilikuwa nawafundisha kuchapa kwa kibodi niliyoichora kwenye karatasi ya manila, nao wanaigonga kwa vidole kwa adabu zote. Iliniuma sana, jamani.

Pesa za mashine mpya zilipopatikana nilidhani taabu imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Kamati ya shule ilibidi ichague: tununue kompyuta za kampuni, zenye nembo na stika ya waranti, au tuunganishiwe nyingine kwa vipuri na fundi wa hapa Isiolo, mwenye kibanda nyuma ya soko.

Mimi nilisimama na za kampuni, na nilikuwa na sababu. Shule niliyofundisha kwanza, huko kwetu Meru, fundi alituunganishia mashine kwa vipuri vya kuokoteza, na baada ya miezi michache nikawa nafundisha makasha matupu. Simu yangu hakushika tena. Kwa hivyo huyu wa Isiolo alipoingia chumba cha kompyuta na salaam aleikum yake ya upole, niliitikia nusunusu, nikageukia madaftari yangu.

Mwenyekiti wa wazazi ni mama anayeuza maziwa ya ngamia. Darasani hakuwahi kukaa, na hulisema bila aibu. Kila asubuhi hupokea jerikeni zinazoletwa kutoka upande wa Gotu, na kabla ya kumimina chochote hunusa mdomo wa kila moja, kwa sababu jerikeni moja iliyoharibika huharibu pipa zima. Siku ile ya kikao, muuzaji wa kampuni na fundi walikuwa wameleta kila mmoja mashine yake ya mfano, na bwana wa kampuni alikuwa anasoma sifa za kompyuta yake kwenye karatasi. Mama akamkatiza.

"Wewe unasoma tu. Hii kitu inaweza kuwashwa?"

"Bila shaka, mama."

"Basi washa. Na ya fundi pia washa. Zikae hivyo mpaka saa sita, sisi tunywe chai."

Kikao cha saa moja kikawa cha asubuhi nzima. Mabati yalikuwa yanalia kwa jua, vumbi linaingia kwa kila upenyo, nami nina rundo la madaftari ya kusahihisha. Nilinuna waziwazi. Saa sita ilipokaribia, mama aliinuka, akajifunga shuka yake vizuri, akainama nyuma ya mashine ya kampuni, akanusa. Mkuu akatazama dirishani. Mimi niliuma mdomo nisicheke. Akahamia ya fundi, akanusa, akarudia tena.

"Hii inaungua."

Nikaenda kuinama mwenyewe. Kweli, harufu ya plastiki iliyopata moto. Nakiri nilifurahi, tena nilifurahi vibaya. "Si niliwaambia?" nikapaza sauti. "Si niliwaambia mimi?"

Fundi hakubishana. Aliizima, akatoa skrubu mbili, akafungua ubavu wa mashine mbele yetu sote, akagusa kisanduku cha ndani. "Hii ndiyo pawa saplai, inapokea stima na kuigawa. Mama amesema kweli. Nilichukua ya rahisi nikajidanganya itafaa. Kosa ni langu. Nipeni nusu saa."

Akapanda bodaboda. Chai ya pili haijaisha, huyo karudi na kisanduku kingine, kizito zaidi. Akakifunga, mashine ikawaka. Mama akangoja kidogo, akanusa tena, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akamgeukia bwana wa kampuni.

"Yako hainuki, nimeona. Siku ikinuka, nani anafungua?"

"Haifunguliwi hapa, mama. Stika ikivunjwa, waranti imekwisha. Tunaipeleka Nairobi."

"Inarudi lini?"

"Wiki kadhaa. Inategemea."

"Na hicho kisanduku chake, hapa mjini kinauzwa?"

Alikuwa mtu mkweli, Mungu ambariki. "Hapana. Kina umbo lake. Lazima kiagizwe."

"Madam," mama akaniita, "mtihani wa hawa wasichana utangoja wiki kadhaa?"

Hasira yote niliyoibeba tangu asubuhi ikanishuka, nikabaki na haya. Siku zote nilikuwa nauliza mashine gani haitaharibika, na kwa vumbi hili letu zote zitaharibika. Sikuwa nimeuliza ikiharibika tutafanya nini. Hata kule shule ya kwanza, kilichotumaliza si kwamba mashine ziliunganishwa na fundi. Ni kwamba fundi mwenyewe alipotea, na mimi nilikuwa naogopa hata kugusa skrubu.

"Hautangoja, mama," nikasema. Nikamgeukia fundi. "Lakini sikuachilii hivihivi. Kila mashine itawashwa siku nzima kabla sijaipokea. Na utanifundisha kuifungua."

"Nitakufundisha, madam. Na wasichana pia, wakitaka."

Mkuu akaomba kura. Mkono wangu ulikuwa wa kwanza kupanda. Kisha akaandika kwenye kumbukumbu za kikao, akisoma kwa sauti neno kwa neno, kwamba somo la kompyuta litaendelea.

Nilitoka pale mbio hadi kidato cha tatu. Nilikuwa nimepanga kuwaambia kwa utulivu, kimwalimu, lakini nilipofika mlangoni na kuona nyuso zile kumi na nne, machozi yalinitoka. Hawakuwahi kuniona nikilia. Msichana mmoja wa mbele, anayetoka Korbesa, akafunga daftari lake polepole.

"Madam, wameliondoa?"

"Limebaki," nikasema.

Walipiga vigelegele mpaka mwalimu wa hesabu wa darasa la jirani akaja kulalamika. Nikamwambia aende akalalamike kwa mkuu.