Mektrida Alivyougua Mlima Unguja

Kama kuna mwanamke Kibosho anayeujua mgongo wa mumewe kuliko uso wake, ni Mektrida. Miaka nenda miaka rudi Filemon amekuwa kiongozi wa wageni Mlima Kilimanjaro, na kiongozi hutangulia. Akirudi nyumbani anatangulia vilevile: kanisani yeye mbele mkewe nyuma, msibani hivyo hivyo. Kwa hiyo Primus, mtoto wao mkubwa, alipowalipia safari ya Unguja kwa ajili ya jubilei ya ndoa yao, Mektrida alikuwa na haja moja tu. Alimwambia jirani yake Evelyn, aliyekuja kuoneshwa majani ya ng'ombe atakayemlisha wao wakiwa safarini.

"Bahari yenyewe siitaki sana. Nataka atembee na mimi bega kwa bega, kama wale wazungu wake wanaoshikana mikono hata wakienda chooni."

Evelyn alicheka karibu amwage maziwa aliyokuwa amepewa. "Ng'ombe hazeeki maini, Mama Primus. Nenda."

Basi wakaenda, na kila kitu kikamchekesha Mektrida. Boti ilipoyumba alicheka. Alionja maji ya bahari ahakikishe kama kweli yana chumvi, akacheka, akaonja tena. Kwenye shamba la viungo walioneshwa mgomba na kuambiwa wapige picha, naye, aliyezaliwa na kuzeekea migombani, akaukumbatia kama dada aliyepotea. Raha ilimlevya bila mbege.

Lakini mazoea yana taabu. Kijana aliyewatembeza, Makame, alikuwa na kundi la wageni, na walipofika msitu wa Jozani kundi lilikuwa limeshakuwa la Filemon. Aliwahesabu. Aliwauliza kama wamekunywa maji. Alimbebea begi mama mmoja Mjerumani ambaye hakuomba kubebewa. "Polepole jamani, polepole," aliwaambia, na njia yenyewe ni tambarare kama meza. Makame alifuata nyuma akitafuna karanga, kazi haijawahi kumwendea vizuri vile. Nyuma ya Makame alikuwa Mektrida, akiutazama mgongo uleule wa Kibosho.

Siku ya mwisho maji yalikupwa, wakapelekwa kutembea kwenye fungu la mchanga. Filemon alikuwa ameshatangulia mbali pamoja na kundi lake. Mektrida aliona safari inaisha hivihivi, hasira ikampanda. Halafu likamjia wazo tamu mpaka akajiziba mdomo. Alishasimuliwa mara nyingi habari za huko juu: mgeni akishikwa na ugonjwa wa mlima, kiongozi huwaachia wengine msaidizi, yeye mwenyewe anamshika mgonjwa mkono na kushuka naye taratibu mpaka chini.

Akajibwaga mchangani.

"Baba Primus," akaita. "Kichwa kinaniuma. Nakuona mko wawili."

Filemon aligeuka kama aliyechapwa. "Makame, shika kundi," alisema, akarudi mbio na kupiga goti mbele ya mkewe. "Umetapika? Hivi ni vidole vingapi?"

"Saba."

Uso ukambadilika mzee wa watu. Akatoa mfukoni kifaa chake cha kubana kidole, kile cha kupima hewa iliyomo kwenye damu, maana alikuwa amekibeba kutoka mlimani mpaka baharini, Mungu wangu. Akambana kidole. Wakasubiri. Kikasoma tisini na tisa, hewa tele ya mtu mwenye afya.

Filemon akakitikisa. Akajipima mwenyewe, kikasoma vilevile. Akayatazama maji yaliyokuwa yanamlamba viatu, kisha akamtazama Mektrida, ambaye mabega yalikuwa yanatikisika.

"Mama Primus, hapa hakuna mlima."

"Najua," alisema, na kicheko kikamshinda mpaka machozi yakamtoka. "Lakini umerudi."

Filemon alikaa kando yake. Hakukasirika, aliona haya, na haya hiyo ilimpendeza mkewe kuliko maua. Alichora mchanga kwa kidole.

"Nikitembea na mtu bila kumwongoza," alisema mwishowe, "sijui mikono niiweke wapi."

Mektrida alipangusa mchanga kiganjani, akampa mkono.

"Weka hapa."

Makame alipogeuka kuwahesabu wageni wake, wawili walikuwa nyuma kabisa, wameshikana, wanacheka, na anayelichelewesha kundi alikuwa yule mzee.