Gitaa la Mzee Wekesa

Ipo Jumamosi moja nisiyoisahau, mwanangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nafanya kazi katika kiwanda cha nguo pale Thika, na kila Jumapili nawapigia gitaa wanakwaya wa kanisa letu Makongeni. Gitaa lenyewe nilijifunza kwa kijitabu. Sikuwa fundi, lakini kwa vile kanisani hapakuwa na mwingine, nilijiona mkubwa. Wewe nawe unanisikiliza huku umeshika simu. Haya, ishike tu, mimi nitasema.

Kiwandani nilifanya kazi na Mzee Wekesa, mtu wa Bungoma, mpole, anayecheka mpaka mabega yanatikisika. Mashine ilikuwa imemkata vidole viwili vya mkono wa kushoto kabla mimi sijaajiriwa. Mkono huo ndio unaobana nyuzi kwenye shingo ya gitaa, kwa hivyo wengi walidhani kupiga kumemwishia. Yeye hakukubali. Alikaa na gitaa lake miezi mingi, akilegeza uzi huu na kuusikiliza ule, mpaka akapata mpangilio wake mwenyewe: ukizipiga nyuzi zote sita bila kubana popote, zinaimba pamoja, tena vizuri. Kutoka hapo kidole kimoja tu, kikilazwa juu ya nyuzi zote, kilimtosha kupanda na kushuka na wimbo. Haya nilielezwa baadaye na shemeji yake. Wakati ule nilijua tu kwamba mzee ana gitaa kuukuu, na nilidhani analipapasa kujifurahisha.

Jumamosi hiyo binti yake wa kwanza, Nekesa, alikuwa anaolewa. Mzee alikuwa amemtungia wimbo. Hakuna aliyewahi kuusikia, hata mkewe, kwa sababu siku zake za mapumziko alikuwa akienda kuufanyia mazoezi peke yake kando ya mto Chania. Mpango ulikuwa Nekesa aingie kanisani kwetu, ambako mzee naye alisali, akishikwa mkono na mjomba wake, baba akimwimbia kutoka mbele.

Nilifika kanisani mapema. Gitaa la mzee lilikuwa limeegemezwa ukutani katika chumba cha nyuma, mwenyewe ametoka kupokea wageni wa Bungoma. Nikalichukua. Nikagusa uzi mmoja, nikaulinganisha na wa pili kama kijitabu kilivyonifundisha, nikaona umelegea. Wa tatu vilevile haukulingana. Nikajisemea, maskini mzee, ataaibika mbele ya wakwe. Nikazungusha funguo zile za kukazia nyuzi kwenye kichwa cha gitaa, nikakaza uzi mmoja mmoja mpaka zote zikawa kama kitabu kinavyotaka, nikalirudisha pale pale. Laiti ningezipiga zote sita kwa pamoja, mara moja tu, kabla ya kugusa funguo! Hata mimi na ujinga wangu ningesikia kwamba zilikuwa zimepangwa. Wala sikudanganyi kwamba ulikuwa wema mtupu. Nilitaka mzee akimaliza aulize ni nani aliyemtengenezea, ili watu wajue ni mimi.

Nekesa akasimama mlangoni. Mzee akalaza kile kidole kimoja juu ya nyuzi, akapiga, zikatoka kelele. Akapiga tena, kelele. Nilipokitazama kidole kile ndipo nilipoelewa nilichofanya. Watu wakaanza kucheka chini chini. Mzee akazungusha funguo haraka haraka, jasho likimtoka, na uzi mmoja ukakatika. Msimamizi wa sherehe akasema kwenye kipaza sauti, "Basi tusichelewe, jameni. Njoroge, hebu kuja utuokoe na hiyo gitaa yako."

Nikaenda, mwanangu. Nikapiga ule wimbo unaopigwa kila harusi, Nekesa akapita mbele ya baba yake, na watu wakanipigia makofi.

Baadaye mzee alinifuata nje, karibu na masufuria ya pilau. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Asante sana, kijana yangu," akasema. "Leo umenifunikia aibu. Nafikiri hii masikio yangu imezeeka."

Nikasema, "Si kitu, mzee."

Hakupiga gitaa tena. Nilifanya kazi naye miaka minne zaidi, na kila Jumatatu niliapa kwamba leo nitamwambia. Kanisani alianza kutikisa midomo tu wenzake wakiimba, kwa sababu, alisema, hataki kuwaharibia. Mimi nilikuwa mbele pale na gitaa langu, namwona. Halafu akastaafu, akarudi kwao, na huko ndiko alikozikwa. Nilituma rambirambi. Aibu yangu haikuniruhusu kwenda.

Mwaka jana Nekesa alihamia kwa mwanawe hapa mtaani kwetu, Kimbo. Tulikutana kwa mama mboga, wote wawili wazee sasa. Nilimwomba tukae kwenye benchi, nikamweleza kila kitu. Aliupakata mfuko wake wa sukuma wiki magotini.

"Baba Wanjiru," akasema, "hiyo ya gitaa nimekusamehe. Ulikuwa kijana, hukujua. Lakini baba alikufa akijua ni masikio yake. Mbona ulikubali akushukuru?"

Nikamuuliza kama kuna mtu yeyote aliyeujua ule wimbo. Akasema hakuna.

Sasa weka simu kidogo, mwanangu. Ukiona kitu cha mtu kimekaa tofauti na ulivyofundishwa, usikimbilie kukinyoosha. Muulize mwenyewe kwa nini kiko hivyo. Huenda kilimgharimu miezi na vidole. Kukosea utakosea tu, hilo siwezi kukuzuia. Ila ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama watu wanakutazama na umevaa suti. Na mtu akikushukuru kwa usichostahili, usiipokee shukrani hiyo. Mimi nilikuwa na maneno machache tu ya kusema: mzee, masikio yako ni mazima, ni mimi niliyelishika gitaa. Ningeyasema pale kwenye masufuria, angefunga uzi mwingine, na Nekesa angeimbiwa na baba yake jioni ile ile. Nimeyasema baada ya miaka zaidi ya arobaini, tena kwa mtu mwingine.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe masikio ya kusikia kabla ya mikono ya kurekebisha, na akupe moyo wa kukiri mapema. Na wale utakaowakosea, awaweke hai mpaka uwafikie.